Ukipata Kazi ya Ushauri Bungeni Juba, Anza na Makatibu

Wabunge 550, siku za kazi 40. Ndivyo zilivyosema hadidu za rejea, yaani karatasi ya maelezo ya kazi, za kazi yangu ya kwanza Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, nami nikasaini bila kupiga hesabu. Nilikuja kuipiga ndani ya ndege: kila mheshimiwa angepata kama dakika 35 zangu, na katika dakika hizo nimfundishe kutunga sheria, kuisimamia serikali na kuwawakilisha wananchi. Nilicheka peke yangu hadi jirani yangu wa kiti akageuka kunitazama.

Tangu Sudan Kusini ikubaliwe kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, watu wenye kazi kama yangu wanazidi kuitwa huko: makatibu wa kamati waliostaafu, wachumi wa bajeti, waandishi wa sheria, wahariri wa Hansadi (taarifa rasmi ya maneno yanayosemwa bungeni). Wanaotuita wanaona mabunge yetu yanafanana na lao kuliko yale ya Ulaya, na kwa kiasi fulani ni kweli. Haya ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijapanda ndege.

Hatua ya 1: Kabla ya kusaini

Soma hadidu za rejea ukitafuta mambo matatu. La kwanza, nani aliyeomba kazi hii? Kuna kazi zilizoombwa na Bunge lenyewe, na kuna zilizobuniwa na mfadhili ambaye mwaka wake wa fedha unakaribia kuisha. Dalili ya hizi za pili ni kwamba hakuna jina la cheo chochote cha ndani ya Bunge kwenye karatasi, ila neno "wadau". La pili, nani atapokea kazi yako ukiimaliza? Kama jibu ni "Bunge" kwa ujumla, omba liandikwe jina la ofisi: Katibu wa Bunge, kurugenzi ya kamati, maktaba. La tatu, kwa nini sasa?

Halafu jadili siku. Usikubali siku 40 mfululizo. Omba zigawanywe katika safari tatu, na katikati uachwe muda wa wenyeji kujaribu mambo bila wewe. Safari ya mwisho iwe miezi sita baada ya ile ya pili. Mfadhili atanung'unika kuhusu nauli. Mng'ang'anie, maana hii ndiyo sehemu ya mkataba nisiyoilegezea kamba.

Angalia pia ratiba ya mikutano ya Bunge usije ukafika wakati wa mapumziko. Na kama kazi inahusu mabunge ya majimbo, kumbuka kwamba msimu wa mvua, kuanzia karibu Aprili hadi Oktoba, hukata barabara nyingi nje ya Juba.

Hatua ya 2: Elewa viti vilipatikana vipi

Hapa tukae kidogo, kwa sababu usipopaelewa, kila ushauri wako utakuwa wa nchi nyingine.

Mkataba wa Amani wa Januari 2005 kati ya serikali ya Khartoum na wapiganaji wa Kusini, uliojadiliwa zaidi Naivasha na kusainiwa Nairobi, ndio ulioleta bunge la kwanza la Kusini: wajumbe 170, viti vikiwa vimegawanywa kwa asilimia. SPLM, chama cha ukombozi cha Kusini, walipewa 70, chama tawala cha Khartoum 15, vyama vingine vya Kusini 15. Uhuru ulipofika tarehe 9 Julai 2011, wale waliokuwa wakiiwakilisha Kusini katika bunge la Khartoum walirudi nyumbani, wengine wakateuliwa, idadi ikafika 332, na Baraza la Majimbo, yaani bunge la juu, likaundwa na wajumbe 50. Vita vikazuka Desemba 2013. Mkataba wa 2015 ukapandisha idadi hadi 400. Mkataba uliohuishwa, uliosainiwa Septemba 2018, ukaifikisha 550: serikali iliyokuwapo 332, SPLM-IO, kundi la upinzani la Riek Machar, 128, SSOA, muungano wa vyama vya upinzani, 50, vyama vingine 30, na waliokuwa mahabusu wa kisiasa 10. Bunge hilo liliapishwa Agosti 2021, na Jemma Nunu Kumba akawa mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika nchini humo.

Kila mara risasi ziliponyamaza, viti viliongezeka. Wako wanaoliona jambo hili kama kichekesho. Mimi silioni hivyo. Kiti cha bungeni ni rahisi kuliko kikosi cha askari msituni. Lakini jambo hili lina matokeo yake kwa kazi yako. Mbunge aliyeteuliwa na chama chini ya mkataba anaweza kubadilishwa na chama hichohicho, na uchaguzi uliokuwa ufanyike Desemba 2024 uliahirishwa hadi Desemba 2026. Unayemfundisha leo kusoma kitabu cha bajeti, kesho ni waziri, au yuko jimboni, au yuko ng'ambo. Katibu wa kamati, karani wa mezani na mtunza maktaba wanabaki. Hao ndio wanafunzi wako halisi, hata kama hadidu za rejea zimewataja mara moja tu, tena mwishoni.

Karatasi za kusoma kabla ya kufika: sura ya kwanza ya mkataba wa 2018, Katiba ya Mpito ya 2011 pamoja na marekebisho yake, Kanuni za Kudumu za Bunge, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma na Uwajibikaji ya 2011, na sheria ya usimamizi wa mapato ya mafuta. Zichapishe. Usitegemee intaneti ya hoteli.

Hatua ya 3: Wiki ya kwanza ni ya salamu

Anza kwa Katibu wa Bunge, kisha Spika au manaibu wake, kisha wanadhimu wa kila upande, wale wanaowaratibu wabunge wa vyama vyao. Waone wanadhimu wote siku moja ikiwezekana, au siku mbili zinazofuatana. Ukimwona wa upande mmoja Jumatatu na wa upande wa pili Ijumaa, utakuwa umeshajulikana wewe ni wa nani.

Lugha ina mitego yake. Kiingereza ndicho lugha rasmi, lakini korido zinaongea Kiarabu cha Juba. Baadhi ya watumishi walisoma Khartoum kwa Kiarabu, wengine Kampala, wengine Kenya, kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma au Nairobi, na hawa wa mwisho wakijua umetoka kwetu watakukimbilia kwa Kiswahili kizuri kabisa. Utamu ulioje! Nilifurahi mno siku zile za kwanza, nikawa napiga soga na wawili watatu wa ofisi moja. Baada ya siku chache mzee mmoja aliyesoma Khartoum aliniuliza taratibu kama nimekuja kulisaidia Bunge zima au waliokulia ukimbizini peke yao. Toka siku hiyo Kiswahili nakiongea kwenye chai. Kikao kikianza, nakifungia. Jifunze maneno machache ya Kiarabu cha Juba, hata kama ni salamu na *malesh* ya kuomba radhi. Utaitumia sana hiyo ya pili.

Na usilete ushauri wowote wiki hii. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Washauri wengi hufika na jembe lao wenyewe na kuanza kulima kabla hawajaonyeshwa shamba.

Hatua ya 4: Fuata karatasi moja

Tathmini ya hali hufanywa kwa dodoso: "Je, kwa kiwango cha moja hadi tano, kamati yako ina uwezo kiasi gani?" Kila mtu atajaza tatu. Tupa dodoso hilo.

Chagua karatasi moja, muswada au taarifa ya kamati, na uifuate tangu ilipopokelewa hadi ilipo sasa. Kaa na karani wa masijala akuonyeshe daftari. Imeingia tarehe ngapi? Muhuri upo? Imechapwa nakala ngapi, na kwa wino ulionunuliwa na nani? Ilisomwa mara ya kwanza lini, ikapelekwa kamati ipi, kamati ilikaa mara ngapi, mahudhurio yaliandikwa wapi? Mashahidi waliitwa kwa barua au kwa simu? Taarifa iliandikwa na nani, na iko kwenye kompyuta ya ofisi au kwenye flashi ya mtu aliyesafiri? Ilipowasilishwa mezani, wajumbe waliipata siku ngapi kabla ya mjadala, au waliipata wakiwa wamekaa vitini?

Kazi hii itakuchukua siku nne au tano, na itakuonyesha Bunge zima. Utajua ni wapi umeme unakatika, nani anafanya kazi ya watu watatu, na mlango upi haufunguki mpaka bwana fulani aje na ufunguo. Chora jedwali lenye safu nne: hatua, tarehe, aliyeshika karatasi, kilichoichelewesha. Safu ya mwisho ndiyo mpango wako wa kazi.

Mara yangu ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kwa somo la siku mbili juu ya uchambuzi wa miswada. Jedwali likaonyesha kwamba taarifa za kamati ile zilikuwa zikikwama kwa sababu hapakuwa na kiolezo: kila katibu aliandika kwa mtindo wake, mwenyekiti akaisahihisha kwa mtindo wake, wakazunguka hivyo wiki tatu. Tukakaa asubuhi moja, tukatengeneza kiolezo cha kurasa tano. Somo langu la siku mbili bado ninalo, halijawahi kutumika.

Hatua ya 5: Chagua kamati mbili, usizidishe

Utaombwa usaidie kamati zote. Kataa kwa adabu. Mimi huchagua ya fedha na ile ya hesabu za serikali, kwa sababu Bunge lisilojua hela ziko wapi halina la kumuuliza waziri.

Mwaka wa fedha wa Sudan Kusini huanza tarehe 1 Julai kama wetu, na si mara moja tarehe hiyo imepita bila bajeti kupitishwa. Bajeti ikifika imechelewa, wajumbe hupewa vitabu vizito na siku chache. Hapo katibu aliyeandaliwa anaokoa jahazi. Mfundishe kutengeneza muhtasari wa ukurasa mmoja, upande mmoja tu, wenye mambo haya: mapato yanayotarajiwa na yanatoka wapi, wizara tano zinazopewa fedha nyingi kuliko zingine, zilichopangiwa mwaka jana kwa kulinganisha na zilichopokea kweli, na maswali matano ya kumuuliza waziri.

Kwa nchi hii mapato maana yake ni mafuta. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa muhtasari una hesabu fupi: mapipa kwa siku, mara bei ya pipa, kutoa ada inayolipwa Sudan kwa kusafirisha mafuta hadi Port Sudan, kutoa marejesho ya mikopo iliyochukuliwa kwa kuahidi mafuta ya kesho, kutoa asilimia 2 ya majimbo yenye visima na asilimia 3 ya jamii za huko. Kinachobaki ndicho cha kugawana. Februari 2024 bomba moja lilipasuka ndani ya Sudan, kwenye vita, na sehemu kubwa ya mauzo ikasimama. Katibu anayeweza kuchukua lahajedwali, kubadilisha namba ya mapipa na kumwonyesha mwenyekiti kitakachotokea kwenye mishahara ya walimu, huyo tayari ni ofisi ya bajeti ya mtu mmoja. Uganda iliianzisha yake kwa sheria ya mwaka 2001, Kenya ikafuata 2007. Usiwaambie wenyeji waige jengo na idadi ya wachumi. Waanze na meza moja na watu wawili.

Kamati ya hesabu inahitaji kitu kidogo zaidi: daftari la mapendekezo. Kila pendekezo la Mkaguzi Mkuu liwe na mstari wake, wizara inayohusika, tarehe ya ahadi, na kilichofanyika. Lianzishwe kwa mkono kwenye kitabu kikubwa cha jalada gumu, kompyuta ifuate. Kitabu hakiingiwi na virusi.

Kuhusu Hansadi nitasema machache: bila taarifa rasmi ya maneno yaliyosemwa, hakuna anayeweza kumrudia waziri na ahadi yake. Kama hakuna fedha za kuinakili yote, anzeni na ahadi za mawaziri peke yake.

Hatua ya 6: Kufundisha kwa kuketi ubavuni

Kati ya mwaka 2010 na 2013 IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kwa fedha za Norway, ilipeleka Sudan Kusini maofisa wapatao 200 kutoka Kenya, Uganda na Ethiopia. Hawakwenda kutoa semina. Kila mmoja aliwekwa na mwenzake wa Sudan Kusini, wakafanya kazi ya kila siku pamoja kwa muda wa miaka miwili hivi. Huna miaka miwili, lakini namna ni hiyohiyo.

Jumatatu wewe unaandika barua ya kumwita shahidi, katibu anatazama. Jumatano anaandika yeye, wewe unatazama. Wiki inayofuata anaandika, nawe uko chumba kingine. Barua ya nne usiione kabisa. Fanya hivyohivyo kwa orodha ya shughuli, maswali ya kamati na muhtasari wa bajeti. Kabla ya kikao kikubwa cha kumhoji waziri, igizeni: mtumishi mmoja awe waziri, tena mchague yule mcheshi mwenye kukwepa maswali. Waheshimiwa wakialikwa kwenye maigizo haya hufurahi, na ndipo wanapojifunza kuuliza swali fupi. Swali refu ni zawadi kwa waziri.

Hatua ya 7: Posho

Hakuna mwongozo wa ushauri unaogusa jambo hili, na ndilo litakalokunyima usingizi.

Watumishi wa umma wa Sudan Kusini wamewahi kukaa miezi mingi bila mshahara, na mshahara wenyewe ukifika, pauni imeshuka. Mtu anayekuja kwenye semina yako kwa ajili ya posho na chakula cha mchana si mvivu wala si mroho, ana watoto. Hilo likubali moyoni kwanza. Pia likubali hili: semina ikilipa posho nono hotelini, watakuja wakubwa, na katibu anayefanya kazi atabaki ofisini kupokea simu zao. Niliwahi kuandaa moja kama hiyo. Ukumbi ulijaa siku ya kusaini karatasi ya malipo, na siku nyingine niliongea na viti.

Sasa nafanya hivi. Mafunzo yote ndani ya jengo la Bunge. Nauli na chakula, kiwango kimoja kwa wote kuanzia mkurugenzi hadi karani, kiandikwe na kijulikane tangu mwanzo, tena kilingane na cha wafadhili wengine waliopo mjini. Ukizidisha unaharibu soko, ukipunguza utaitwa bahili hadi uwanja wa ndege. Malipo yatolewe na mhasibu, usiyashike wewe. Na mfadhili asipotaka kulipia hata nauli, mweleze wazi kwamba kuna watu wanaotembea saa nzima juani kuja kazini.

Hatua ya 8: Usiwe kuni kwenye moto wa watu

Bunge la nchi iliyotoka vitani, au isiyo na hakika kama imetoka, ni mahali pa hatari kuliko linavyoonekana. Julai 2024 lilipitisha marekebisho ya sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa, yale yaliyobakiza madaraka ya kukamata watu bila hati. Machi 2025 Machar aliwekwa kizuizini nyumbani kwake. Siku kama hizo korido hukauka watu, na mshauri mgeni anayeuliza maswali mengi hutazamwa vingine.

Kwa muswada wowote wenye ubishi, usiandike pendekezo. Andika njia mbili au tatu, faida na hasara za kila moja, na nchi zilizozijaribu, kisha wape pande zote karatasi ileile siku ileile. Usinukuu majina ya waliosema kwenye daftari lako. Usirekodi. Usiwe kwenye makundi ya WhatsApp ya chama chochote, hata ukiongezwa kwa nia njema. Ukiombwa na mjumbe mmoja umwandikie hotuba, mwelekeze kwa mtafiti wa maktaba, kisha umsaidie mtafiti.

Na kuna kazi za kukataa. Ukiona unaletwa ili jina lako lipambe jambo lililokwisha kuamuliwa, rudisha mkataba. Inauma mfukoni, najua.

Hatua ya 9: Kuondoka na kurudi

Ripoti kwa mfadhili iwe kurasa 15, zisizidi. Kitu cha maana ni jalada linalobaki masijala: kiolezo cha taarifa, mfano wa barua ya mwito, muhtasari wa bajeti mmoja uliojazwa, ule mstari wa hesabu ya mafuta, orodha ya nani anajua nini. Karatasi, kwenye faili lenye namba ya masijala, nakala mbili. Mwenye kukabidhi awe katibu uliyefanya naye kazi, mbele ya Katibu wa Bunge, wewe ukiwa umekaa nyuma.

Miezi sita baadaye ukirudi, usianze kwa kikao cha tathmini. Omba kile kitabu kikubwa cha mapendekezo. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, mama mmoja wa masijala alikitoa chini ya meza, juu yake kukiwa na thermosi ya chai. Kurasa kumi na mbili zilikuwa zimejazwa tangu nilipoondoka, kwa miandiko mitatu ambayo sikuitambua.